Zamu ya Kujibu

Mkutubi alipenda maneno makubwa, na jioni ile alikuwa ameyaandaa mapema. Alisimama mbele ya ukumbi wa maktaba akamtambulisha Kalamu, kama watu walivyozoea kumwita, kuwa mwandishi wa tamthilia na riwaya, fundi wa mazungumzo ambaye uzeeni amegeuka bingwa wa ukimya. Katika vitabu vyake vya karibuni, alisema, mtu mmoja huuliza na mwenzake hajibu. Huo ndio mtindo, huo ndio ukomavu. Wasikilizaji wakaitikia kwa vichwa.

Kalamu alikaa akivishwa kilemba cha ukoka huku macho yake yakitafuta safu ya nyuma. Binti yake alikuwa amekuja. Alikaa kando ya mlango, mkoba mapajani, kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote atakapoondoka. Kalamu alikuwa amempigia simu kumbembeleza aje, ila sababu hakumwambia, maana ilimtia haya.

Ukweli wa mtindo ule haukuwa na fahari yoyote. Tangu ujana wake, Kalamu hakuwahi kutunga jibu. Alikaa sebuleni na karatasi zake, akamtungia mhusika swali, kisha akalitupa kwa sauti kuelekea jikoni. Mkewe, mikono imejaa povu la vyombo, alijibu lolote lililomjia. Siku moja mume wa kwenye tamthilia aliuliza, "Kwa nini miaka yote hii umeniachia mlango wazi?" na kutoka jikoni likaja jibu, "Nani kakuachia? Kitasa kibovu." Kalamu akaliandika vilevile. Watazamaji walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakalia. Wakasema mwandishi huyu anawajua wanawake. Hakuwa anajua kitu. Alikuwa na mke mwenye ulimi.

Mke akafa. Kalamu, mtu mzima na akili zake, aliendelea kutupa maswali jikoni, na jikoni hakukuwa na mtu. Akaandika alichokisikia. Wahakiki, ambao hawakosi la kusema, wakakiita ukimya wenye kina. Naye akakubali, kwa sababu alipenda kusifiwa, hata kwa kosa. Lakini sasa upweke ulikuwa umemfika shingoni. Alikuwa na tamthilia mpya, na alitaka binti yake awe anakuja nyumbani walau Jumapili, akae jikoni amjibu. Hilo tu. Kulisema ndiko kulikomshinda.

Basi mkutubi alipomwomba awaonyeshe watu jinsi anavyofanya kazi, Kalamu akapiga moyo konde. Alisimama, akawaacha watu wa mbele, akamkazia macho binti yake na kutoa maneno ya mhusika wake mpya.

"Nimerudi. Humu ndani kuna mtu?"

Akangoja. Binti yake alimtazama, asiseme kitu. Kalamu akarudia swali, safari hii kama anayeomba. Ukumbi ulitulia hata feni ikasikika. Halafu mtu mmoja akapiga makofi, mwingine akafuata, mwishowe wote wakasimama. Mkutubi alikuwa akifuta machozi. Kalamu alijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yake.

Watu walipopungua, binti alimfuata mezani akampongeza. Alisema lile la mwisho lilimsisimua mwili mzima.

"Halikuwa igizo," Kalamu akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe ujibu."

"Mimi? Nijibu nini, baba?"

"Lolote. Mama yako alikuwa anasema lolote, mimi naandika. Vile vitabu wanavyovisifu, nusu yake ni yeye. Njoo nyumbani, mwanangu, uwe unanijibu. Nimechoka kukaa peke yangu."

Binti aliinamisha uso, akawa anaifunga na kuifungua zipu ya mkoba wake. Hakuonyesha hasira yoyote, na Kalamu angefarijika kama angeonyesha.

"Mama alikuwa anajibu," alisema. "Mimi nilikuwa naambiwa ninyamaze kwa kuwa baba anaandika. Nikiwa na la kusema naenda kulisemea uani, peke yangu. Nimekulia hivyo. Hata leo nikiingia nyumba ile natembea kwa kunyata."

Kalamu alifungua kinywa. Alikuwa amewalisha watu mazungumzo maisha yake yote, na sasa alitafuta sentensi moja ya kumpa mtoto wake, akaikosa. Alitamani kumuuliza ni mambo gani aliyokuwa akiyasema huko uani. Binti alimngoja aseme, akangoja kwa muda mrefu na kwa adabu, kisha akaaga, akatoka.