Hodi Tatu za Mboni

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka mmoja baada ya vita ya Hitla kwisha, mzee wa kanisa Naftali alikuwa amekaa mbele ya tembe yake akipepeta uwele. Kupepeta ni kazi ya wanawake, lakini mke wake Lea alikuwa na mwaka wa tano kwenye makaburi ya misheni, na nafaka haimngoji mtu aoe. Reli, kile chuma kilichokuwa kengele ya kanisa, alishaigonga mwenyewe kwa sala ya jioni. Watu walishasali, wakatawanyika kwenda kuota moto. Makapi yakamwingia puani, akapiga chafya, na alipoinua uso alimwona mama yake amesimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa, kaniki begani. Mama alikuwa amekufa tangu mvua zilizopita.

"Hodi," mama akasema, kwa Kinyaturu cha kwao.

Naftali akaendelea kupepeta.

"Hodi, Alute."

Alute ndilo jina alilompa siku ya kumzaa. Naftali alilivua siku ya ubatizo pamoja na hirizi. Akainamisha kichwa, akaanza kuokota vijiwe kwenye uwele, ingawa vijiwe havikuwamo.

"Hodi," mara ya tatu.

Hodi ni tatu, hata kwa maiti. Mama akageuka, akatembea hatua ishirini hivi mpaka mlango wa pili, na Naftali akasikia sauti ya jirani yake Melkizedeki, akisema na mgeni na mkewe: "Karibu, mama! Shikamoo! Kristina, mama amekuja, mletee kigoda." Naye mama akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali na kufika.

Hapa nisimame kidogo, wasije wageni wakadhani Naftali alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa kanuni, basi.

Katika kijiji kile, wafu ambao hawakubatizwa walikuwa wakija kila mwaka baada ya mavuno kuonja unga mpya, na mvua ya kwanza ikidondoka wanarudi kwao. Hawakuwa na fujo. Walikula kidogo, walikuwa na maneno juu ya chumvi, na saa ya kulala waliaga. Bwana Shauri wa serikali alipopita kukagua ufyekaji wa pori la ndorobo aliambiwa habari zao. Aliuliza kama wanakata minyaa ya watu. Alipoambiwa hapana, akaendelea na ndorobo zake. Mchungaji mzungu alisema kwao mambo hayo hayapo, labda kwa sababu ya theluji, akawaachia wazee wa kanisa waamue.

Wafu waliobatizwa, wao, hawakuja. Walilala chini ya misalaba yao wakingoja parapanda. Naftali alilihubiri jambo hilo mara nyingi: tazameni, wetu wametulia. Lakini mwaka aliomzika Lea aliacha mlango wazi tangu mavuno mpaka mvua, usiku na mchana, mbuzi wakiingia na kutoka. Hakumwambia mtu kwa nini. Lea hakuja. Naftali alikuwa mpweke, tusizunguke. Alikuwa mpweke mpaka akawa anawaaga kuku anapokwenda kanisani.

Na kanuni aliitunga yeye mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, wafu wa watu wengine walipozidi kukaa barazani kwa Wakristo, Naftali alisimama kwenye baraza la wazee, akasema hatuwezi kutoka gizani huku tumelishika giza mkono. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mkristo asiwaamkie wafu wasiobatizwa, asiwakaribishe, asile nao. Karatasi ikabandikwa mlangoni pa kanisa kwa ulimbo. Wakati huo mama yake alikuwa hai, anateka maji mwenyewe na kubishana na wauza chumvi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Tena kila mtu alijua jambo moja, hata watoto: mfu asiyeitikiwa humsahau yule asiyemwitikia. Hasahau kwa siku moja. Jioni hii linatoka jambo hili, kesho lile, hadi mwisho jina na sura. Mzee Mathayo, wa baraza lilelile, aliishika kanuni msimu mmoja tu, na mavuno yalipopita mjomba wake aliyemlea alimsimamisha njiani akamwuliza kisima kiko wapi, bwana.

Basi Mboni, mama yake Naftali, alikuja Jumatano, akapiga hodi tatu. Akaja Alhamisi. Akaja wiki nzima, na wiki nyingine. Kila jioni alianzia kwa mwanawe na kuishia kwa Melkizedeki.

Naftali na Melkizedeki walibatizwa siku moja, kwa ndoo moja ya maji, na tangu hapo walikuwa wakiitana pacha. Mwalimu wao alikuwa mmoja. Kitabu kilikuwa kimoja, isipokuwa cha Melkizedeki mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho. Naftali akikifungua hukutana na habari za kujitenga na wasioamini. Melkizedeki akikifungua hukutana na mgeni aliyekaribishwa. Watu waliliongea sana jambo hilo vilabuni, maana walevi hupenda dini. Wengine walisema ni ini la mtu, alivyoumbwa. Wengine walisema ni mchwa.

"Pacha," Melkizedeki akasema asubuhi moja, kichwa kikitokeza juu ya minyaa, "jana mama amesahau kovu lako."

"Kovu gani?"

"La goti. Alikuwa anatusimulia ulivyoanguka juu ya mwamba ukiwa unachunga, akafika katikati akakwama. Akamwuliza Kristina, hivi nilikuwa namsema nani?"

Naftali alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga mpaka mpini ukawa mwembamba kupita kiasi.

"Wewe unavunja kanuni," akasema.

"Naivunja, ndiyo."

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini niliposhikwa na ndui, pacha, misheni ilifunga lango, na sisemi vibaya, ndivyo daktari alivyoagiza. Aliyenilisha uji ni nani? Ni mama yako. Alifunga kata kwenye mti mrefu, akanilisha kwa mbali siku arobaini, kila siku ananitukana nimeze. Hakuwa amebatizwa. Mimi pia sikuwa nimebatizwa, nilikuwa vidonda tu. Sasa leo nimwambie nini mlangoni? Mwitikie, Alute. Neno moja. Litakuua?"

"Naitwa Naftali."

"Haya. Mwitikie, Naftali."

Akarudi kwenye mpini wake. Sababu ya kutomwitikia mama alikuwa anaijua, ila ilikuwa haisemeki juu ya ua. Baba yake alipokufa, Naftali alikuwa na wiki mbili tu tangu abatizwe. Yeye ndiye mwana wa kwanza. Ilimpasa anyolewe, ashike kamba ya ng'ombe dume wa msiba, baba afunikwe kwa ngozi yake. Mama alipiga magoti. Mama mzima alimpigia mwanawe magoti, akasema shika kamba tu, mwanangu, usiseme neno, Mungu wako hataona kamba. Naftali alikataa. Ukoo ulimlaumu mama, kwamba ndiye aliyemlea hivyo, na kwa miaka mitatu Mboni alipika peke yake na kula peke yake. Naftali alimwona kwa mbali akipuliza moto. Alijiambia kuwa hiyo ndiyo njia nyembamba. Sasa akisema karibu, kama kusema karibu si dhambi, basi na kushika kamba hakukuwa dhambi, na ile miaka mitatu ya mama ilikwenda bure. Kitu ulichokipata kwa kumtoa mama yako, huwezi kukubali kwamba wenzako walikipata bila kutoa kitu. Melkizedeki hakuwahi kutoa chochote. Aliingia kanisani akiwa ameshiba uji.

Mwezi wa nane Mboni aliacha kusema Alute. Alisema "Hodi, wenyewe," kama anavyosema mtu aliyeelekezwa nyumba.

Siku hiyo Naftali alisimama. Ungo ulianguka, uwele ukamwagika, kuku wakaja. Hodi ya pili ikapigwa. Ikapigwa ya tatu, na neno likamfika mdomoni, likakaa pale kwenye ulimi, zito. Wakati huohuo wanawake wa kwaya wakapita njiani wakitoka kanisani, wakamsalimu, "Shikamoo mzee," nao wakampisha Mboni njia kwa adabu bila kumwamkia, maana kanuni ilikuwa kanuni. Naftali akakohoa. Mama alingoja kidogo baada ya kile kikohozi. Halafu akaenda zake kwa Melkizedeki.

Mwezi wa tisa baraza la wazee likamwita Melkizedeki. Wazee walikuwa wanne, na mshtakiwa hapigi kura, wakabaki watatu. Mathayo alisimama akasema, "Mimi mjomba wangu aliniuliza kisima. Sitaki mtu mwingine aulizwe kisima. Mwacheni." Mzee wa pili akasema kanuni ikivunjwa na mzee, watoto watafanya nini. Ikabaki kwa Naftali.

Melkizedeki alimtazama pacha wake kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyebeba mtungi mbovu, unaogopa hata kumsemesha. Naftali alisoma karatasi yote, kipengele cha kwanza mpaka cha tatu. Mwandiko ulikuwa mzuri kwelikweli. Akasema Melkizedeki avuliwe uzee wa kanisa, na asikaribie Meza ya Bwana mpaka atubu.

"Haya," Melkizedeki akasema. Akavua ule utepe mweupe wa wazee, akaukunja vizuri, akamkabidhi. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, pale wanapokaa wajawazito wasioolewa, akaimba sauti ya tatu kama kawaida yake. Jioni alimkaribisha Mboni.

Tangu hapo Naftali akaanza kukaa karibu na minyaa. Alisema anaziba mwanya wa mbuzi. Alisogeza kigoda, akasogeza na kazi zake za mikono, na kila jioni, baada ya hodi tatu, alikaa pale akisikiliza mama yake akicheka upande wa pili. Alikuwa hajui kama mama anacheka hivyo. Mlenda ulinukia. Aliusikia mkono wa mama ukimega ugali na kuupiga kiganjani, pa, pa, jinsi alivyokuwa akimmegea yeye. Ilimwuma, jamani. Ilimwuma mpaka akawa anashika tawi la mnyaa na utomvu wake unamchoma vidole.

Halafu jioni moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yakajaa upande wa Shelui. Kila mtu aliona kwamba mvua haitalala, itanyesha usiku huohuo. Naftali alikaa mbele ya tembe tangu alasiri, amenawa, amevaa kanzu ya kanisani, ameweka kigoda cha pili. Alikuwa ameamua. Alikuwa amelijaribu neno mara kadhaa kwa kuku, na lilitoka vizuri.

Mboni akaja kwa njia ileile, kaniki begani. Akafika kwenye mwanya wa ua. Hakusimama. Alipita kama unavyopita nyumba ya watu usiowajua, akaenda moja kwa moja kwa Melkizedeki.

Naftali akaenda kwenye minyaa. Akasema kwa sauti, kwa Kinyaturu ambacho alikuwa hajakisema tangu mama azikwe:

"Shikamoo, mama."

 Upande wa pili Kristina akaacha kusonga. Melkizedeki alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Marahaba, baba," Mboni akajibu kwa adabu zote. "Hujambo? Wewe ni wa nyumba gani?"

"Mimi ni Alute."

"Alute." Mboni alifikiri. Alijitahidi kweli, kila mtu aliona. "Jina zuri. Ni la kwetu. Mama yako alikuwa mtu wa kwetu?"

"Ndiyo."

"Na yuko wapi, mbona unakaa kwenye minyaa peke yako jioni hii?"

Naftali akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

"Pole, baba," Mboni akasema. Akamgeukia Kristina, akashusha sauti, lakini ua wa minyaa si ukuta. "Mpeni chakula yule. Amekonda. Ni mtoto wa watu."

Akamega mwenyewe. Tonge la ugali wa uwele, na mlenda kwenye kibuyu, likapita juu ya ua mikononi mwa Kristina, la moto. Naftali akalipokea kwa mikono miwili. Alifumba macho akashukuru, akawa amesimama nalo. Kuamkia ilikuwa kipengele cha kwanza, nacho ameshakivunja. Kula ilikuwa kipengele cha tatu. Alisimama mpaka tonge likapoa, mpaka matone ya kwanza yakaanza kugonga paa la udongo na kwa Melkizedeki watu wakaanza kuagana. Halafu akarudisha tonge na kibuyu juu ya ua, kibuyu kimejaa.

"Hajala," Kristina akasema.

"Labda mama yake amempikia," Mboni akasema. Akajifunika kaniki kichwani kwa ajili ya mvua, akaenda.

Saa ya sala ilikuwa imepita. Naftali akaenda akagonga reli hata hivyo. Waliokuja walikuwa wachache, kwa sababu ya mvua, na Melkizedeki alikaa benchi la nyuma. Karatasi ya mlangoni ilikuwa imelowa pembeni. Naftali aliibandua, akaenda nayo nyumbani, akainakili upya kwa mwandiko uleule, na Jumapili akairudisha mahali pake.