Mifuko ya Mwezi wa Sita

Nina hasira za karibu, na kwa miaka mitatu hasira hizo zilikuwa na jina la mtu: Shamsi.

Shamsi ana duka la vitambaa katikati ya mji wa Sumbawanga. Sisi ni wanawake wanane wa Mollo, wakulima, tuna vyerehani vitatu na kikundi kilichosajiliwa, na mimi, Albina, ndiye katibu. Upande wa Chanji kuna ofisi ndogo ya serikali inayoitwa Kituo cha Udongo. Kila mwaka hununua mifuko ya kitambaa ya kubebea udongo unaotoka mashambani kwenda kupimwa. Mfuko wenyewe hauna maajabu: kitambaa cha marekani, kamba ya kufungia, na kiraka cheupe cha kuandikia jina la mkulima. Kila Januari tulipeleka barua ya kujitambulisha, na kila mwaka mifuko ilishonwa na mafundi wa Shamsi. Maelezo yetu yalikuwa mafupi. Kuna mtu anamjua mtu.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwenyekiti wetu, Fransiska, alisema ulezi ukishavunwa na kazi haijapatikana, vyerehani viuzwe na kila mmoja achukue chake. Hakusema kwa ubaya. Sare za shule ni kazi ya Januari tu, na miezi mingine vyerehani vinashika vumbi sebuleni kwangu. Lakini mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu wauze mbuzi wao ili tuvinunue, akiwemo Bertha aliyekuwa na mbuzi wawili tu. Maneno yale yaliniuma.

Basi nikaenda Kituo cha Udongo kuangalia kwa macho yangu hela zao zinakwenda wapi. Nilijiandaa kufukuzwa. Mlinzi, mzee Yohanes, aliniuliza nataka kumwona nani, nikamwambia nataka kusoma ubao wa matangazo. Akasogeza kiti chake ili nipite, akasema nisome nitakavyo, tangu aajiriwe hajaona mtu akiusoma.

Kila baada ya miezi mitatu walibandika orodha ya manunuzi: kitu gani, kiasi gani, nani kauza, tarehe ngapi. Hawakuwa wakibandua za zamani. Walibandika mpya juu yake, na nilipofunua karatasi moja nikakuta nyingine, mpaka nikafika miaka mitatu nyuma. Nilinakili zote kwenye daftari. Karatasi za uchapishaji, matairi ya pikipiki, mapazia, mifuko. Kwenye mifuko, jina ni lile lile mara tatu. Nilipiga mstari chini yake kwa nguvu hadi ukurasa ukachanika.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja dukani kwa Shamsi. Ni mtu mzima, ana mvi, na mimi nilisahau hata kumwamkia. Nilimwekea daftari juu ya meza na kumwuliza anampa nani ili apate kazi ile kila mwaka.

Alivaa miwani akasoma taratibu, tena inaonekana alifurahia kuona biashara yake imeandikwa vizuri hivyo. Mkewe, Sauda, akaniletea chai bila kuulizwa. Shamsi alisema hampi mtu chochote. Tangazo linatoka, anaandika bei, anapeleka, na miaka yote mitatu siku ya kufungua maombi lilikuwepo lake tu. Alidhani watu wa mashambani tunaidharau kazi ya mifuko.

"Tulipeleka barua," nikasema. "Kila Januari."

"Januari hawana hela, mama." Akaweka kidole kwenye daftari langu, si kwenye jina lake bali pembeni, kwenye tarehe. "Mwezi wa sita wewe unakuwa wapi?"

"Shambani."

"Basi. Mimi silimi."

Nilitazama tarehe ambazo nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tarehe kumi na nane Juni. Ishirini na moja Juni. Ishirini na nne Juni. Nilikuwa nimetafuta mwizi, kwa hiyo nilisoma majina tu. Niliona aibu. Nikanyanyuka, nikasema shikamoo, na yeye akaitikia marahaba kama ndiyo kwanza nimeingia.

Siku iliyofuata nilirudi kwa afisa manunuzi, dada mmoja mpole anayeitwa Salome. Akanieleza kwamba hela zao zinachelewa kufika, na mwaka wa serikali unafungwa tarehe thelathini Juni. Isiyotumika inarudi. Kwa hiyo karibu vyote vinavyonunuliwa, vinanunuliwa wiki mbili au tatu za mwisho, na tangazo hukaa siku tano tu. Barua zetu za Januari zilikuwa kwenye faili lake, zote tatu, safi. Alisema vikundi vya wanawake vina fungu lao na yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza tuko wapi. Ila kwa sababu ya vikundi hewa, kikundi lazima kifike chote, kila mwanachama na kitambulisho chake, kitie sahihi mbele yake.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Huku kwetu juu Ufipa, mwezi wa sita ni baridi, upepo na mavuno. Ulezi wetu hatuvuni mtu mmoja mmoja. Tunavuna kwa zamu: leo kwa Bertha, kesho kwa Fransiska, wote wanane, na mwenye shamba anapika. Fransiska anaandika zamu kwenye daftari lake baada ya Pasaka, na mkishakubaliana haiguswi; ya mwaka huu ilikuwa imeshakubaliwa. Ukikosa siku ya mwenzako, umemkosea mwenzako, na hilo halisahauliki. Siku yako nayo ikipita, unasubiri mzunguko uishe.

Kuanzia tarehe kumi Juni nilikuwa napita kituoni kila baada ya siku mbili. Tangazo lilibandikwa Jumatatu, mwisho wa kupokea Ijumaa saa sita mchana. Nilifungua nakala yangu ya zamu. Jumanne kwa mama mmoja ambaye mumewe ni mgonjwa. Jumatano kwa Fransiska. Alhamisi kwangu. Ijumaa kwa Bertha. Siku pekee niliyoweza kuitoa ilikuwa yangu.

Jumatano jioni, tukiwa bado tumekaa kwenye mabua ya Fransiska, niliwaambia kesho wasije na visu. Waje na vitambulisho. Fransiska aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimjibu kwamba ningejua Ijumaa.

Alhamisi wanane tulipanga mstari mbele ya meza ya Salome. Fomu, sahihi nane, mfuko mmoja wa mfano. Bei nilikuwa nimeipiga tangu mwezi wa nne: kitambaa, uzi, kamba, nauli, ujira wetu. Mlangoni tulipishana na Shamsi akiwa na bahasha yake. Safari hii nilimwamkia kwanza. Alituhesabu kwa macho, akacheka kidogo, akaingia.

Jumamosi wenye mashamba ya jirani walikuwa wameshamaliza, na ng'ombe wao wakaachiwa mabua. Wakati nafika shambani kwangu, walikuwa wameshavuka mpaka. Zaidi ya nusu ya ulezi wangu ulikuwa umeliwa au umelazwa chini. Wenye ng'ombe waliniomba radhi, na sikuwalaumu, kwani kwa tarehe ile shamba lililosimama upande ule lilikuwa langu peke yake. Nililia, tena mbele za watu. Kwenye bei ya mfuko sikuwa nimeuweka ulezi.

Tulikutana sebuleni kwangu wiki ya kwanza ya Julai, kikao ambacho kilipangwa cha kuuza vyerehani. Nilisoma barua ya Salome. Mifuko elfu moja na mia mbili, kikundi chetu, kwa sababu bei yetu ilikuwa chini ya ile ya mwombaji mwingine. Bertha aliinama akaweka mkono juu ya cherehani kama anavyoweka kwenye paji la uso la mtoto. Wengine walianza kuongea wote kwa pamoja.

Fransiska alitoa daftari lake la zamu, akafungua ukurasa mpya, akaandika mwaka ujao juu yake, ingawa Pasaka ilikuwa mbali. Mstari wa kwanza akaandika shamba la Albina. Akaendelea kushuka na majina ya wengine hadi wiki ya tatu ya mwezi wa sita, na siku zile tano za tangazo akaziacha bila jina la mtu.