Nyumba ya Saba

...asiachie, hilo tu, asiachie, mengine yote yasubiri, mgongo usubiri, pua inayowasha isubiri, na hilo jasho linaloteremka kwenye nyusi nalo lisubiri zamu yake, maana bomba la chuma liko mikononi mwake, bomba limevishwa kwenye mkia wa spana, spana imeng'ata tenshena, na tenshena ndiyo hiyo puli yenye springi inayoukaza mkanda, springi haijui mtu mzima wala mtoto, inavuta tu, inavuta kama mbuzi aliyeona mahindi ya watu, na huko chini kwenye giza la injini mkono wa binti yake umezama mpaka kiwiko. "Hapo hapo Mama, usilegeze," anasema Kitinda, ndivyo anavyomwita, kitindamimba wake, mama wa watoto watatu sasa lakini Kitinda vilevile, "mkanda umeingia puli zote, umebaki hapa kwa altaneta tu, unanikatalia." Umkatalie wapi, mkanda mpya ndio ulivyo, mgumu, una kiburi cha dukani, ule wa zamani ulishalainika ukajua njia, ukapiga kelele wiki nzima kama paka aliyekanyagwa mkia na hawakuusikiliza, jana ukakatika hapo hapo uani, na kiti cha nyuma kimejaa sare za shule arobaini ambazo mwalimu mkuu anazitaka kabla ya saa sita... na nani aliyesema atashika? Si yeye mwenyewe, kwa mdomo wake huu? Kitinda alisema, Mama, ngoja nimwite jirani, yeye akajibu jirani wa nini, mimi nilishika hii spana kabla wewe hujaota meno. Alisema akicheka. Mdomo nao... kuna siku mdomo unatangulia mtu anabaki nyuma anaufuata.

Kabla hujaota meno. Alikuwa na meno mawili, ya chini, amekaa hapo kizingitini na bakuli la uji, uji umemjaa mpaka masikioni, na gari lilikuwa hili hili, rangi yake bado ikiwa rangi, na aliyezamisha mkono alikuwa baba yake. "Mama unatetemeka?" Nitetemeke kwa nini. "Bomba linacheza." Bomba linacheza kwa sababu wewe unavuta mkanda kama unavuta ng'ombe kisimani, fanya kazi yako. "Haya mama mkali," anacheka, na vile vidole vinasogea, anaviona kupitia upenyo kati ya mabomba, vyeupe kwa chaki ya cherehani na vyeusi kwa grisi, viwili viko kati ya mkanda na puli, vidole vya fundi wa nguo, vinavyolisha nyumba nzima, springi ikirudi tu mkanda utakaza na kuvila hivyo viwili kabla mtu hajasema loo... asiachie. Bega la kulia limeanza kuwaka. Kuwaka kweli, kama mtu ameweka kaa la moto chini ya kanga. "Mama," anasema Kitinda, sauti yake inatoka ndani ya injini kama ya mtu aliye pipani, "kwani kidole cha baba kilikatikia humu humu?"

Humu humu. "Alisema spana iliteleza, sivyo?" Alisema hivyo. Alimwambia daktari hivyo, na shemeji zake, na kila aliyekuja kumpa pole, spana imeteleza jamani, vyuma hivi, na yeye mkewe amesimama mlangoni na sinia la chai, hakuna aliyemuuliza spana hiyo ilikuwa mkononi mwa nani... kile kikaratasi. Angekuwa amesoma! Alikikuta kwenye mfuko wa shati alipokuwa akifua, kimekunjwa vizuri mno, kikunjo cha mtu anayethamini kitu, na ndani kuna duara saba, na mstari mmoja unaozunguka, unapita juu ya hii, chini ya ile, unarudi, na duara ya saba imewekewa mshale, na pembeni maandishi ya mkono laini, mwandiko wa mwanamke, hata asiyejua herufi anaujua mwandiko wa mwanamke. Akajua ni ramani. Nyumba saba, njia ya kuzungukia majirani wasimwone, na mshale, ingia hapa mpenzi. Amwombe nani amsomee? Mwanawe mkubwa alikuwa darasa la tatu, umpe mtoto akusomee aibu ya baba yake? Akakirudisha mfukoni kikiwa na unyevu, akakaa nacho moyoni siku mbili, na siku ya tatu mume anamwita njoo unishikie spana mke wangu, vuta huku, usiachie, na yeye akavuta, akamtazama kisogo chake, kisogo alichokinyoa mwenyewe juzi yake, akasema, nyumba ya saba ni ya nani? Nyumba gani? Ya mshale. Na mwanamume yule akacheka. Alicheka kwa kuwa hakujua anaulizwa nini, hilo mkewe analijua sasa, lakini siku ile kicheko kilimwingia kama maji ya baridi mgongoni na mkono... mkono... Mume hakupiga kelele. Alitoa sauti kama ya mtu aliyemeza kitu kikubwa.

Jioni yake akarudi na bendeji, pingili ya juu haipo, akakitoa kikaratasi kwa mkono wa kushoto akampa jirani aje amalizie, fuata mchoro huu, amenichorea yule bibi wa duka la spea, puli saba, hiyo ya mshale ndiyo unayovuta. Hiyo hiyo anayoivuta sasa. Nyumba ya saba, mwenye nyumba chuma.

"Mama, sogeza kidogo tena, kidogo tu." Anasogeza. Kumbe bado zipo. Nguvu zimetoka wapi? Mama wa watu ana miaka sabini kasoro mbili, goti moja limekufa, asubuhi mfuniko wa chupa ya mafuta umemshinda, na bomba hili limo mikononi wala halina mpango wa kutoka, bega linawaka, linawaka, vidole havisikii chochote, havimuulizi, vimeshika tu... na hapo ndipo linapomjia, taratibu, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wapo. Siku ile alikuwa na miaka thelathini na tano. Alikuwa anabeba ndoo mbili kutoka bombani huku akiongea. Miaka yote hii alijiambia, labda iliteleza, labda ni grisi, mume mwenyewe si alisema, na kila asubuhi mpaka anakufa yule mwanamume alijisogeza mbele yake amfungie vifungo vya shati, na alikuwa anaweza kujifungia, alimwona siku moja akijifungia, upesi, akavifungua tena akaja... alijua. Yule alijua, akasubiri kwa adabu zote asikie mwenzake atasema nini, na mwenzake akafunga vifungo.

"Toa mkono," anasema. "Nimefika Mama, mkanda umeshagusa, dakika moja—" "Toa mkono nje nakwambia!" Kitinda anatoa, polepole, mkanda unabaki unaning'inia pale pale ulipokuwa. "Na wa pili." "Huu hapa jamani, unahesabu kuku?" Anahesabu kweli, anahesabu kwa macho, kumi, anarudia, kumi. "Umechoka, achia basi upumzike, tutaanza upya." Springi inavuta. Hakuna tena kidole huko ndani, angeweza kuachia, na bega linamwomba, linamwomba kwa machozi. "Nikiachia sitasema."

"Utasema nini?"

Anakaza mikono kwenye bomba, anapandisha pumzi, anamtazama mwanawe usoni.

"Ile spana haikuteleza."