Bi Mvuke Alikuwa Akikaa

Baada ya chakula cha mchana, katika chumba cha kufulia kilicho chini kabisa ya hoteli, Bi Mvuke alikuwa amevua kiatu kimoja na kuupumzisha mguu huo juu ya mwenzake, huku akinyoosha foronya. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya pasi yake ya mvuke, na kwa sababu alipokasirika alitoa pumzi kwa mtindo uleule. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mito. Daktari alimwambia bila kuzunguka: ama apige pasi amekaa, ama aache kazi. Meneja naye, alipoombwa kiti, alisema suala hilo analishughulikia. Alikuwa akilishughulikia tangu mvua zilizopita.

Zamani viti vilikuwepo. Vilikuwa virefu, vya mbao, kila mpiga pasi na chake. Akaja meneja huyu, akaona watu wamekaa, akaona uvivu, na viti vikapakiwa kwenye gari vikaenda zake.

Darasa la Kifaransa lilifanyika humohumo chumbani, kwa kuwa hoteli ilitaka wafanyakazi waelewane na wageni wapya lakini haikutaka kazi isimame. Mwalimu, binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, aliegemeza ubao kwenye mashine ya kufulia, nao ukatetemeka kila shuka zilipozunguka. Siku hiyo alifundisha namna ya kusema mambo yaliyokuwa yakifanyika zamani, siku nenda siku rudi. Chukua kitenzi unavyokisema kwa "sisi," alieleza, kikate mkia, kivishe mwingine. Mikia akaiandika ubaoni: ais, ais, ait, ions, iez, aient. Kisha akataka kila mmoja achague jambo alilokuwa akilifanya hapo kazini na siku hizi halifanyi tena.

Bi Mvuke hakuhitaji kufikiri.

"Je m'asseyais," alisema. Nilikuwa nikikaa.

Papo hapo kiti kikawa chini yake. Kilikuwa kilekile cha zamani, chenye kipande cha kadibodi kilichokunjwa chini ya mguu mfupi. Alikaa, akaendelea na foronya. Mwalimu alimrekebisha matamshi kidogo, akamwomba amalize nafsi zote. Alipofika "nous nous asseyions," yaani sisi tulikuwa tukikaa, wapiga pasi wote wa zamani wakajikuta wamekaa, na mmoja wao akasema kiti chake bado kinalia kama kilivyokuwa kikilia. Bi Mvuke aliponyamaza, viti vikaondoka, na kila mtu akasimama.

Zamu ikawa ya wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akipakia nguo kwenye mashine na ambaye utani haukumkauka mdomoni. Wifi alikisema kitenzi hicho kwa matamshi safi kuliko wote, akajiachia. Akaanguka sakafuni puu, makalio kwanza.

Darasa zima lilicheka, mwalimu naye hakubaki nyuma. Bi Mvuke ndiye aliyeeleza, akijifuta machozi, kwamba wifi aliajiriwa viti vimeshaondoka. Hakuwahi kukaa humu hata siku moja. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema basi sentensi yake haina kosa ila si ya kweli, na akampa alama zote.

"Alama nazipokea, Mwalimu," wifi akasema kutoka sakafuni. "Haya makalio je, nayapeleka kwa nani?"

Tangu hapo Bi Mvuke alipiga pasi akinyambua kitenzi. Akimaliza nafsi ya mwisho, anarudi ya kwanza. Alijifunza pia kurefusha: nilikuwa nikikaa karibu na mlango, nilikuwa nikikaa hata Jumatatu, nilikuwa nikikaa nikisema watu. Uvimbe ukaanza kushuka. Daktari alibonyeza vifundo vya miguu, akauliza anatumia dawa gani. Akajibiwa ni Kifaransa, akamshauri asiache.

Habari zikamfikia meneja, naye akashuka ngazi. Alikizunguka kiti, akakitikisa, akauliza kimenunuliwa na nani. Alipoambiwa kinatoka mdomoni mwa Bi Mvuke, uso ulimng'aa. Bi Mvuke akapiga moyo konde. Ombi lake lilikuwa la leo, si la zamani, kwa hiyo ilibidi asimame ili aliseme.

"Bosi, naomba kiti cha kweli. Na wifi yangu apate chake. Hiki nikinyamaza tu kinaondoka."

"Basi usinyamaze, Mama," meneja alimjibu kwa upole kabisa. "Mbona unajua Kifaransa kizuri tu."

Alimpongeza mwalimu, akaongeza vipindi, na akatangaza kwamba suala la viti, alilokuwa akilishughulikia kwa muda mrefu, sasa limekwisha. Bi Mvuke alikasirika, na alikasirika kwa Kiswahili, wima, mpaka wenzake wakamkumbusha kwamba pasi inaunguza shuka ya mgeni.

Likabaki tatizo la koo. Mtu hawezi kunywa maji na kunyambua kitenzi kwa wakati mmoja. Hilo wifi alilimaliza bila kuombwa. Siku hizi Bi Mvuke anaponyanyua glasi, wifi hudakia kutoka kwenye mashine: "Elle s'asseyait." Alikuwa akikaa. Hilo ni kweli tupu, na kiti hubaki mahali pake. Wifi ana mapafu mazima, na madoido hayamwishi: alikuwa akikaa kama malkia, alikuwa akikaa akajaa kiti chote, alikuwa akikaa kitini, masikini, nacho kikimwomba msamaha. Bi Mvuke hucheka mpaka maji yakampalia. Hapo wifi hulazimika kusema tena na tena, bila kupumua, mpaka kikohozi kipite, huku akisukuma shuka zilizolowa kwenye mashine, amesimama.