Landrova ya Kuombewa

Siku ya kuombewa gari ilitangazwa kanisani wakati gari lenyewe bado halijaweza kukata kona. Wa kulaumiwa alikuwa Efraimu mwenyewe. Alimwambia mama yake, huku akipangusa grisi mikononi na kujisikia bingwa, kwamba mwisho wa mwezi Landrova itakuwa barabarani. Sasa, ukitaka jambo lako lijulikane Machame nzima, wewe mwambie Mama Sifael kisha ukae kimya. Jumapili iliyofuata lilisomwa kwenye matangazo, kati ya ndoa na mnada wa ndizi: familia itatoa sadaka ya shukrani, na gari la marehemu baba litaombewa.

Gari lilikuwa la baba kweli. Ilikuwa Landrova ya zamani, ile ndefu, iliyokaa nyuma ya zizi tangu mzee afariki, mpaka migomba ikaizingira na kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Efraimu, ambaye ana duka la pembejeo mjini Moshi, alikuwa akipanda nyumbani kila Jumamosi na begi lake la spana. Alikwangua kutu, akaziba matundu, akang'oa injini iliyokufa na kuweka ya dizeli ya Toyota. Angeishia hapo angelala usingizi wake vizuri. Lakini alitaka gari lifike shamba la juu, kule karibu na msitu ambako masika hata ng'ombe huteleza, kwa hiyo akaliinua. Akafunga springi ndefu na magurudumu mapana, gari likasimama juu hadi mama yake akauliza kama litakuja na ngazi yake.

Tatizo ni kwamba ukishaliinua gari, ile rodi inayotoka kwenye usukani kwenda kugeuza magurudumu ya mbele inakuwa fupi. Rodi ndefu aliiagiza kwa fundi wa Arusha, na fundi, kama kawaida yao, akawa anasema wiki ijayo. Jumapili ya maombi ikasogea. Ijumaa Efraimu akaishiwa subira, akaikata ile ya zamani, akaweka kipande cha bomba katikati na kuchomelea mwenyewe, mvua inanyesha, umeme unapanda na kushuka. Akaigonga kwa nyundo, ikalia vizuri. Akaipaka rangi nyeusi, na kuanzia hapo moyo wake haukutulia tena. Chini ya rangi hujui kama chuma kimeshikana mpaka ndani au kimepakwa juu juu kama siagi kwenye mkate.

Alijipigia hesabu. Kutoka nyumbani hadi kanisani barabara ni tambarare, tena si mbali. Ataendesha polepole, litaombewa, atalirudisha nyumbani na kulifunika turubai mpaka rodi ya Arusha ije, na hakuna atakayejua. Zilikuwa hesabu nzuri, ila mama yake hakumweka humo.

Asubuhi ile mkewe, Magreth, alimkuta ameishika chai bila kuinywa.

"Mbona hujagusa chai?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujala?"

Efraimu akaenda kufunga tai. Angemwambia, lakini angesema nini? Kwamba waumini wote wanasubiri gari ambalo yeye mwenyewe analiogopa? Alimweka mbele, yeye na binti yao Ruth, akaendesha hadi kanisani kwa gia ya kwanza, ameukumbatia usukani, jasho likimtoka chini ya suti ya harusi yake. Watembea kwa miguu waliwapita. Bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi za mnada kichwani aliwapita akawapungia.

Ibada ilipokwisha, watu walitoka wakalizunguka gari. Mchungaji aliweka mkono kwenye boneti. Akaombea injini, akaombea matairi na barabara, kisha akaiombea mikono iliyolifufua. Hapo Efraimu akafumbua macho na kuitazama mikono yake, akatamani kuificha.

"Amina!" wakaitikia, na vigelegele vikapaa.

Kuna jambo Efraimu alilijua tangu utoto, na bado hakulikumbuka hata kidogo alipokuwa akipiga zile hesabu zake. Pale kwao gari likishaombewa haliondoki tupu. Akina mama hupanda, hupelekwa hadi darajani na kurudi, wanaimba. Na njia ya darajani si tambarare. Inateremka kama paa la nyumba, huku ukingo wa kushoto ukiangalia korongo.

"Pandeni, pandeni!" alikuwa akisema Mama Sifael, kitenge chake kipya kikimeremeta. Alikuwa amekwisha kukaa nyuma kwenye benchi, amempakata Ruth. Akina mama wakavutana juu wakicheka. Magreth naye alikuwa kati yao.

"Mama, subirini kidogo," Efraimu alisema.

"Tusubiri nini? Limeshaombewa."

"Mafuta ni machache."

"Dogo, acha kuzingua," alidakia Sifael, kaka yake mkubwa, aliyefika kutoka Dar na miwani yake ya jua kwa ajili ya siku hiyo. "Nimeangalia geji, mafuta yapo kibao."

"Breki zinahitaji kupoa."

"Zipoe na nini? Umekuja kwa mwendo wa kinyonga!"

Watu wakacheka. Efraimu alihisi masikio yanawaka. Wazee wa kanisa walikuwa wakimtazama, na vijana wa kwaya, na mchungaji. Wote walikuwa wamemsifu tangu asubuhi. Walimwita fundi, walisema baba yake angefurahi.

"Kama umechoka, naendesha mimi," Sifael alisema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshapanda na kuwasha. Moshi ukatoka, vigelegele vikaanza upya, na wimbo ukaanzishwa.

"Kaka, kuna kitu sina uhakika nacho," Efraimu alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana. Aliogopa kusikika na aliogopa kutosikika. Wimbo ukaimeza. Sifael akaingiza gia.

Efraimu akakimbia mbele ya gari, akalala chali kwenye matope, akajisukuma chini ya bampa mpaka kifua chake kikawa mbele ya gurudumu.

Mtu alipiga yowe. Injini ikazimwa.

"Umelogwa wewe?" Sifael alifoka. "Toka huko! Unatuaibisha!"

Hakutoka. Uzito wa akina mama ulikuwa umezikandamiza springi, na ile rodi ilikuwa juu ya pua yake kabisa. Aliona rangi yake nyeusi inang'aa. Akaikwangua kwa ukucha, akatafuta ufa. Aliutafuta kwa maombi, maana kama ungekuwepo angewaita wote waje waone, na aibu ingekwisha palepale. Akapitisha kidole kuzunguka kiungo chote. Hakuna ufa. Kilikuwa kiungo kizuri kama vingine vyote alivyowahi kuviona.

Pembeni ya gurudumu kikatokea kilemba, kisha uso wa mama yake ukiwa umepinduka. Walikuwa wamemsaidia kushuka, naye alikuwa amepiga magoti matopeni na kitenge chake kipya.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama."

"Basi toka, baba. Watu wanatutazama."

"Kiungo hiki nilikichomelea mwenyewe. Ndicho kinachoshika usukani." Akakigusa tena. "Kinaweza kushika hata mwakani. Kinaweza kukatika hapo kwenye mteremko. Sijui, mama. Sijui kabisa."

Mama Sifael alimtazama mwanawe, suti ya harusi imelowa, kidole kinatoka damu kwenye ukucha. Juu, Sifael alikuwa bado analalamika na mtu alikuwa akimwuliza mchungaji kama maombi yarudiwe.

"Nimeolewa kwenye ukoo huu nikiwa msichana mdogo," mama alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mwanaume wao anasema hajui."

Kisha akasimama, akipangusa magoti, na Efraimu akaisikia sauti yake ikisema na watu wote.

"Shukeni. Mwenye gari hajui."

"Lakini mama..." Sifael alianza.

"Shuka na wewe."

Kutoka pale alipolala, Efraimu aliona miguu tu. Ilishuka mmoja baada ya mwingine, viatu vya Jumapili vikitua kwenye matope, wenye navyo wakinung'unika kwamba viatu vimeharibika. Kila mmoja aliposhuka, springi zilipanda kidogo na rodi ikasogea mbali na uso wake. Aliviona viatu vya Magreth vikitua, vikasimama, havikuondoka. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, naye hakujaribu kuyafuta. Mwisho Magreth akanyoosha mikono juu, na viatu vyeupe vya Ruth vikagusa ardhi.