Hesabu Isiyo na Jana

Kila siku saa nne asubuhi, watu wakienda kunywa chai, kiganja cha Orina hujitokeza kwenye mpira mnene uliolazwa chini ya mashine ya kusaga majani, katika kiwanda kimoja karibu na Kiptere. Kidole kidogo kimepinda, kama kilivyokuwa akiwa hai. Wafanyakazi hukiruka.

Orina alipoanguka tarehe kumi na mbili Machi, mashine haikubakisha cha kuzika, na chai ya siku hiyo ilisifiwa rangi. Kimutai, meneja, alishikilia kwamba Orina hakuingia kazini, alitoroka. Familia ya mtoro haikai nyumba ya kampuni, hivyo Elmina, mkewe, akaambiwa ahame Ijumaa.

Wiki hiyo injinia Chepkurui alikuwa akipima kama mpira bado unazuia mtikisiko. Mpira wa aina hiyo ukiubonyeza hurudi polepole, na la jana hubaki ndani yake. Alipiga hesabu mbili kwenye kompyuta. Ya kwanza iliufuata mpira dakika kwa dakika tangu ulipolazwa. Ilichukua siku tatu. Ya pili iliuliza tu mashine hutikisika mara ngapi kwa sekunde, ikachukulia imetikisika hivyo tangu zamani na itatikisika hivyo milele. Iliisha kabla chai haijapoa.

Siku zote majibu yalilingana, isipokuwa tarehe kumi na mbili Machi. Hapo hesabu ya kwanza ilichora kiganja, kidole kidogo kimepinda.

“Mama Nyabate, hapa mtu alianguka,” Chepkurui alimwambia Elmina, aliyekuwa amesimama mlangoni. Elmina alifurahi, kisha akaona aibu kufurahi.

Kimutai, aliyekuwa kando, aliinama akatazama kompyuta. “Na hii ya pili?”

“Hiyo haijui siku moja moja, bosi. Haina jana.”

“Si zimeachana siku moja tu? Andika zinakubaliana.”

Chepkurui alimtazama Elmina, akatazama chini, akaandika: hesabu zote mbili zinakubaliana, itumike ya haraka. Mnyonge msonge.

Ijumaa saa nne Elmina alipitia kiwandani na mzigo wa blanketi kichwani. Alikipa kiganja mkono. Kilimshika polepole, kikamwachia polepole zaidi.

Aliporudi nyumbani kuchukua mzigo wa mwisho alimkuta Mogaka, aliyeajiriwa mahali pa Orina, akiingiza kitanda. Alimwonyesha mlango unapokwama, kisha akamwomba awe anakipangusa kile kiganja vumbi la chai.

“Usijali, mama,” Mogaka alisema. “Iko kwa kazi zangu. Kupanguza, na kufunika na gunia wageni wakikuja.”