Mwenye Mwili

...na uwezekano mkubwa ndiyo nini, Sumaiya akajiuliza huku anakoroga uji, anasema daktari kwenye simu kana kwamba anabashiri mvua, kwamba zile seli walizozitoa tumboni kwa mama siku ya upasuaji, zikapelekwa Dar kupimwa, zimekutwa na alama, na seli zenye alama ile mara nyingi hazisikii dawa hii anayotundikiwa, mara nyingi, si kila mara, basi si useme moja, bwana, zinasikia au hazisikii, maana kesho ndiyo siku ya dripu nyengine, na mama tangu ile ya mwisho hajui chumvi wala sukari, nywele zimekwisha, kucha zimepiga weusi, na jina la maradhi yenyewe hajaambiwa, uvimbe tu, eti uvimbe, kaka Ahmada ndiye aliyeamua, amekaa zake Mwanakwerekwe dukani anauza mabati, mama asijue, atakata tamaa, na daktari anasema waendelee na hii au wajaribu nyengine, mwenye mwili achague, mwenye mwili! huyo ambaye nyumba nzima inanong'ona akipita... loo, uji unashika chini, na chumbani shangazi Tabia hanyamazi, "Ukimaliza dozi zote, wifi, tunasoma maulidi hapa hapa uani," maulidi ya nini, shangazi, hebu tupumzishe, na mama anaitikia inshallah, mama huyu huyu ambaye hakupata kumdanganya mtoto, wenziwe Sumaiya utotoni wakipelekwa sindano huambiwa wanakwenda Forodhani kula mishkaki, yeye aliambiwa tangu mlangoni, tunakwenda kuchomwa sindano, itauma, na mimi ntakuwepo, na kweli iliuma, na kweli alikuwepo... leo mtoto huyo anampikia uji na uongo sufuria moja, sawa kaka, ndiyo kaka, ulimi umemkauka kwa ndiyo kaka... "Nilegezee kanga, wifi, inanibana," sauti ya mama hiyo, chini chini, "Ikubane vipi nawe umekonda hivi?" "Tumbo linajaa tena, kama mwanzo. Dawa hii hainifai, najijua. Lakini usimwambie Sumaiya, ana moyo mwepesi yule"... mwiko ukasimama, moyo mwepesi, nani, mimi, Sumaiya akataka kucheka, akataka kuvunja kitu, kumbe na mama naye, wote humu ndani wanafichana jambo moja, huyu kesho atalala kitandani atundikiwe sumu kwa ajili ya bintiye, na binti atakaa pembeni amshike mkono kwa ajili ya mamaye, na hakuna hata mmoja anayeitaka dripu yenyewe, ya rabi, watu gani sisi... na Ahmada akasirike, akasirike mpaka apasuke na mabati yake... "Sumaiya!" "Naam, mama!" "Uji bado?" "Bado kidogo," akajibu, akakoroga, na midomo yake ikaanza kuyajaribu maneno bila sauti, mama, ule uvimbe una jina, itauma, na mimi ntakuwepo.